Mdogo wangu ameshikwa na kete mbili za unga. Hivi uteja ni kosa la jinai au ni ugonjwa?

MamaMahamri_Majengo aliandika:

Hamjambo wana jukwaa. Hapa mimi huwa nasoma tu na kupita, lakini leo yamenifika.

Naishi Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, mtaa niliozaliwa. Alfajiri nauza mahamri na mbaazi mlangoni, jioni nakaanga viazi karai. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa makanga kwenye matatu za nambari 6 za Eastleigh. Kijana wa maneno mengi na viatu safi, abiria wakimpenda. Unga, yaani heroini, ulimwingia polepole. Kwanza alikuwa anauchanganya na bangi, wenyewe wanaita kokteli. Baadaye bangi akaiacha, ukabaki unga mtupu. Kisha sindano. Sasa miguu imemvimba, ana kidonda kwenye paja hataki mtu akione, na shati zake za zamani zinamning'inia kama zimeanikwa.

Juzi askari walivamia maskani yao karibu na mto, upande wa chini wa Gikomba. Yeye alikutwa na kete mbili na bomba la sindano. Kapelekwa kortini, kasomewa mashtaka, kakana. Dhamana aliyowekewa hata tukiuza kitanda cha mama haifiki. Yuko rumande.

Nyumbani hatuelewani. Baba mdogo anasema aachwe huko huko, ale ugali wa Serikali, akitoka atakuwa na akili. Mama hasemi kitu, anazunguka na tasbihi usiku kucha. Na mimi ndiye ninayetazamwa, kwa sababu mimi ndiye mwenye biashara.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ramadhani iliyopita, mdogo wangu huyu huyu aliniibia mtungi wa gesi, ule wa kilo 13, siku nina oda ya futari ya watu wazima wa msikitini. Nikaenda kituo cha polisi, sitasema kipi. Askari wa kaunta akaniuliza unamshuku nani. Nikasema simshuku, namjua, ni ndugu yangu. Akafunga kitabu. "Mama, hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkasikizane." Nikarudi nikapika futari kwa makaa, macho mekundu.

Lakini siku aliyokaa peke yake na kete zake mbili, hajaiba, hajampiga mtu, hapo ndipo Serikali imeliona kosa. Kuna nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kuna mwendesha mashtaka, kuna kielelezo ndani ya bahasha ya kaki. Kosa nililotendewa mimi halikuandikwa. Lile alilojitendea mwenyewe limeandikwa kwa Kiingereza kizuri na kupigwa muhuri.

Ndiyo nauliza. Akiiba, afungwe kwa wizi, mimi mwenyewe nitatoa ushahidi. Lakini ule uteja wenyewe, kule kutoweza kukaa bila unga, ni kosa la kufungwa? Na nikimwacha rumande kama baba mdogo anavyotaka, atapona au atakufa? Wenye kujua nisaidieni. Mahubiri tunayo ya kutosha nyumbani.

Mzee_Kariokor:

Pole sana binti yangu. Nitakuambia usilopenda kusikia.

Mimi natengeneza viatu vya ngozi soko la Kariokor, nimekaa hapo tangu nywele zangu nyeusi. Mita ya maji ya ploti yetu imeng'olewa na kuuzwa kwa wenye vyuma kuukuu. Waya wa stima wa choo umekatwa. Mteja wangu mmoja aliegesha gari dakika chache, akarudi akakuta vioo vya pembeni havipo. Wote tunajua ni nani. Mnasema ugonjwa, haya, lakini mgonjwa wa malaria hatoki kitandani kwenda kukata waya wa jirani.

Na hofu ya sheria ina kazi yake. Si kwa huyu wako, yeye ameshazama. Ni kwa yule wa gredi ya nane anayemtazama. Huko Marekani jimbo la Oregon walipiga kura 2020, kuanzia Februari 2021 kukutwa na dawa kidogo za kutumia mwenyewe ikawa si jinai, ni faini ndogo tu. Septemba 2024 wakarudisha jinai. Watu wenye pesa na hospitali kuliko sisi wameshindwa, sisi tutaweza na nini?

Mwacheni akae kidogo. Rumande angalau mtajua yuko wapi.

NikoDozi:

Shikamoo mzee. Dada, nakuandikia wewe kwanza, mzee nitamrudia.

Mimi nilikuwa teja. Pangani, Mlango Kubwa, chini ya daraja, kote nimelala. Saa hizi niko kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga, nakunywa dozi kila siku na kazi nafanya, naosha magari. Kwa hiyo nikikuambia kuhusu rumande sikuambii ya kusikia.

Unga ukikosekana mwilini, arosto, yaani mateso ya mwili kuudai, huanza baada ya saa sita hadi kumi na mbili hivi. Unaanza kwa miayo na makamasi, watu wanadhani una mafua. Kisha jasho baridi, tumbo linakatika, unahara na kutapika pamoja, mifupa ya miguu inauma hadi unairusha-rusha bila kutaka. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Sasa fanyia hayo ndani ya seli yenye ndoo moja na wanaume waliobanana, hawana huruma na harufu yako. Mimi nililazwa karibu na hiyo ndoo kwa sababu ndiye niliyekuwa naitumia zaidi. Aliyekuwa ananipa maji ni mwizi wa simu, Mungu ambariki popote alipo. Kwa kijana mwenye nguvu arosto yenyewe kwa kawaida haiui. Lakini mwili uliodhoofu ukihara na kutapika siku tatu bila maji unaweza kuzimika, na wako ana kidonda juu yake.

Sasa sikia lile baba yenu mdogo asilolijua. Arosto ikipita, mwili unasahau unga. Kipimo alichokizoea nje hakiwezi tena. Anatoka mlangoni, amenona kidogo, familia inashukuru. Jioni anakutana na wenzake, anajidunga kipimo kile kile cha zamani. Pumzi inapungua, midomo inageuka rangi, basi. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo hatari kuliko wakati wowote, hilo watafiti wamelithibitisha nchi nyingi, na sisi maskani tulilijua kwa kuzika. Kwa hiyo "atakuwa na akili" ni kweli, akili atakuwa nayo. Kiu haitoki kwenye akili, iko mahali pengine, na haijali umekaa ndani muda gani.

Dawa ipo. Methadoni ilianza Kenya Desemba 2014 hapo Mathari, hospitali ya Thika Road. Baadaye kliniki nyingine ikafunguliwa Ngara. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, kwa hiyo si majaribio ya juzi. Ni maji, unapewa kwenye kikombe, unameza mbele ya mhudumu, kisha anakusemesha. "Habari ya nyumbani?" Unajibu. Si kwamba anaipenda sana nyumba yako, anataka kuona mdomo hauna kitu, maana wako waliokuwa wanaificha mdomoni wakaiuze nje. Unaanzishwa kidogo, miligramu 20 au 30, wanapandisha taratibu mpaka arosto itulie. Dozi moja inabeba siku nzima. Hailewishi ukiwa kwenye kipimo chako. Inakuachia tu nafasi ya kufikiria kitu kingine, mfano njaa. Mimi nilikuwa nimesahau njaa ya chakula ikoje.

Shida yake ni kwamba ni kila siku, Jumapili na Idi pia. Ukishikwa na polisi ukiwa njiani kwenda kunywa dozi, siku hiyo imepotea. Hapo ndipo sheria na hospitali zinapogongana. Serikali moja inakuita uje utibiwe, Serikali hiyo hiyo inakukamata getini kwa sababu mikono yako ina alama.

Mzee, kuhusu mita yako sina la kubisha. Tuliiba. Lakini jiulize kwa nini mateja wa dozi hawang'oi mita. Hatujawa malaika. Ni kwamba asubuhi hatuna arosto ya kuitafutia pesa kabla ya saa tatu.

Githurai_Mum:

Dada, nyumba za kurekebisha tabia za watu binafsi uwe macho. Sisi tulimpeleka wetu, tukalipa elfu hamsini kwa mwezi za mchango, kumbe ni ua mrefu, maombi, na kupigwa na "manahodha" ambao ni wagonjwa wenzake. Hakuna daktari aliyemwona. Alitoka na akatumia siku hiyo hiyo. Uliza kama pamesajiliwa na NACADA, mamlaka ya Serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na usiishie kuuliza, omba uonyeshwe cheti. Jina la hapo silitaji.

Karani_Mstaafu:

Nilikuwa karani wa mahakama kwa muda mrefu, mafaili ya namna hii nimeyabeba mpaka bega likachoka. Si wakili mimi, kwa hiyo mtafuteni wakili, lakini haya yapo kwenye sheria na mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Sheria yenyewe ni ya 1994, ya kudhibiti dawa za kulevya. Ilivyotungwa, ukikutwa na bangi na ukaithibitishia mahakama kwamba ni ya kutumia mwenyewe, ni hadi miaka 10. Dawa nyingine, hadi 20. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha, na bangi ya kutumia mwenyewe ikashuka kuwa si zaidi ya miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa unga wakili wenu asome maneno ya sasa mwenyewe, asitegemee kumbukumbu ya mtu wa jukwaani.

Kifungu cha 5 nacho kinamfunga anayevuta au kutumia, na hata anayekutwa na chombo cha kutumia. Ilivyotungwa, ni shilingi 250,000 au hadi miaka 10, au vyote. Hapo ndipo bomba la mdogo wako linapoingia. Kumbuka kwamba Wizara ya Afya hiyo hiyo ilikubali mpango wa kugawa sindano safi, kwa sababu utafiti wa 2011 na 2012 ulikuta kama asilimia 18 ya wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, wakati kwa watu wazima wote nchini ilikuwa kama asilimia 6. Kwa hiyo anayempa bomba safi ni Serikali, na anayemshtaki kwa kuwa na bomba ni Serikali. Huyo kijana wa dozi kasema kweli.

Sasa lishike hili. Kifungu cha 58 kinasema mtu akipatikana na hatia ya kukutwa na dawa au kuitumia, na mahakama ikaridhika kwamba ni mraibu na dawa ilikuwa ya matumizi yake tu, hakimu anaweza kuagiza sehemu ya kifungo itumike kwenye kituo cha matibabu. Kipo tangu mwanzo. Katika miaka yangu yote nilikisikia kikitajwa mara chache kuliko ninavyosikia mvua ikinyesha Januari. Mara nyingi hakuna anayekiomba. Mshtakiwa hana wakili, yuko kwenye arosto kizimbani, anakubali kosa ili akalale. Hakimu ana mafaili sitini, anaandika miezi kadhaa, anaita anayefuata. Ombeni ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo atakuja nyumbani, atawauliza. Mwambieni habari ya mtungi pia, msifiche, uongo wa familia unaonekana.

Mzee wa Kariokor, Oregon umeisema sawa. Ila waliondoa adhabu kabla fedha za matibabu hazijafika kwa watoaji huduma, zikachelewa, watu wakawa wanatumia barabarani na hakuna wa kuwapokea. Ureno walifanya kwa mpangilio mwingine. Tangu Julai 2001, mtu akikutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hapelekwi kwa hakimu wa jinai. Anapelekwa mbele ya kamati ya watu watatu, wa mambo ya sheria, ya afya na ya ustawi wa jamii, na matibabu yalipanuliwa wakati huo huo. Dawa inanyang'anywa. Muuzaji anafungwa kama kawaida. Hawakuhalalisha chochote, na watu wengi huchanganya hapo.

Na tusijidanganye kwamba sheria kali ndiyo imewakamata wakubwa wa biashara ya unga. Ndugu wa Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014, kesi ikazunguka kwenye mahakama zetu mpaka Januari 2017 walipopelekwa Marekani. Baktash, mmoja wao, alihukumiwa miaka 25 huko New York mwaka 2019. Miaka hiyo yote mimi nilikuwa nabeba mafaili ya kete moja, kete mbili.

Mtu anayejaribu kujiua naye alikuwa mhalifu hapa Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Nilishawahi kuona mtu akiletwa kizimbani na bandeji shingoni. Tuliona ni kawaida.

Mzee_Kariokor:

Karani nimekusoma. Kijana wa dozi nimekusoma pia, na marahaba.

Sijabadilika kuhusu mita. Lakini ninauliza, hizo kliniki zinalipwa na nani? Maana pesa za wazungu, ule msaada wa Marekani, zilipokatika mwanzoni mwa 2025 tuliona zahanati zikifunga milango. Msije mkawatoa jela mkawapeleka kwenye geti lililofungwa, ndipo mtakapoiona hiyo Oregon hapa Kariokor.

NikoDozi:

Mzee, hapo umeligusa lenyewe. Wale vijana waliokuwa wanazunguka maskani, wanaokujua kwa jina, wanaokupeleka kliniki kwa mkono, wengi walikuwa wanalipwa na hizo pesa, na wengi walirudi nyumbani. Sisi wa dozi tulikaa na hofu kubwa, kwa sababu methadoni haikatwi ghafla, arosto yake ni ndefu kuliko ya unga. Nakubaliana na wewe, ilipiwe na Serikali yetu, iwe kwenye bajeti kama dawa za kisukari. Askari, hakimu, lori la rumande na ugali navyo vinalipwa na kodi yako, mzee. Hiyo hesabu nayo uifanye.

MamaMahamri_Majengo:

Asanteni, nimesoma yote kwa sauti, mama akasikiliza. Ile ya kipimo cha zamani ndiyo iliyomfanya aweke tasbihi chini.

Leo nimeruhusiwa kumwona. Amekonda zaidi, lakini arosto imepita, ananitazama usoni, kitu ambacho hakufanya tangu mwaka jana. Kanyanyua mguu wa suruali mwenyewe akanionyesha kidonda, kimejaa usaha mpaka karibu na goti. Nikamuuliza kama ameonwa na mganga wa humo, akasema alipewa vidonge vya maumivu. Nimemwambia habari ya methadoni. Akasema anaijua, wenzake wako huko, yeye aliogopa kwenda kwa sababu siku moja askari walisimama karibu na njia ya kuingilia. Nikamuuliza, na mtungi wangu? Akasema aliuuza shilingi mia nane. Mia nane! Mtungi mtupu tu haununuliwi hivyo. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya askari.

Baba mdogo bado anasema aachwe. Nimemwambia sawa, lakini siku ya kutoka yeye ndiye atakayelala naye chumba kimoja wiki mbili amhesabie pumzi. Amesema atafikiria.

Karani, nitaomba hiyo ripoti ya probesheni na kifungu cha 58 nitakitamka mwenyewe kama wakili hatapatikana, hata kwa Kiswahili changu cha Majengo. Mzee wa Kariokor, sijui ni nani aliyeng'oa mita yako. Kama ni yeye, mshtaki kwa wizi, andika jina lake, na mimi nitakuja kusema ni ndugu yangu na ninamjua. Wasikufungie kitabu kama walivyonifungia.

NikoDozi, akitoka akiwa hajaonja unga kwa muda wote huu, kliniki itamkubali bado, au watasema ameshapona? Na kidonda kitibiwe kwanza au aanze dozi?

NikoDozi:

Dada, muda wa kukaa ndani haumfungii mlango, ila wasikie ukweli wote, amekaa ndani kiasi gani na mara ya mwisho kutumia ni lini. Mwili ukishasahau unga, methadoni nyingi kwa haraka nayo inaua, kwa hiyo huamua daktari, si yeye na si mimi. Watampima damu, kifua kikuu, homa ya ini, na wataongea naye. Kidonda kisisubiri kesi wala dozi, cha kufika gotini kinaingia kwenye damu. Mwambie hakimu siku ya kutajwa kesi, muombe agizo la kumpeleka hospitali, na mwambie mdogo wako asikifiche kwa aibu mbele ya korti, akionyeshe.

Na siku atakayotoka, asipitie Gikomba. Mwende wawili, wewe na yeye, moja kwa moja kliniki. Kesi inatajwa lini? Niandikie pembeni, asubuhi nikishakunywa dozi niko huru mpaka magari yaanze kuja.